Kura ya Aliyemlaza Mchezaji

Wewe uliona. Usitoe macho, uliona. Basi jeupe lilipopita mtaani kwetu Nsemulwa likiwa na jina la timu yetu, Wachukuzi, ubavuni, na jina la tajiri juu yake kwa herufi kubwa zaidi, ulisimama kando ya barabara ukalipiga picha. Ukamtumia shemeji yako Tabora, ukamwandikia kwamba na sisi sasa tumekuwa watu. Halafu ukarudi kijiweni kubishana kama kawaida yako: klabu kubwa inajengwa na pesa au na historia? Ukazitaja za Kariakoo, ukazitaja za Ulaya, ukapandisha sauti mpaka kahawa ikapoa mkononi. Timu yako mwenyewe ilikuwa inachukuliwa hatua mia mbili kutoka kwenye benchi ulilokalia, na shingo hukuigeuza.

Aliyegeuza shingo ni mtu mmoja, naye aligeuza akiwa amechelewa. Ni Zakia, fundi cherehani wa sokoni Mpanda, mama yake Hadia, katibu wa Wachukuzi kwa mwaka wa saba. Ukatibu alipewa kwa sababu mwandiko wake unasomeka, na kwa sababu hakuwa na mume wa kuandikwa badala yake. Kilichomkosesha raha ni kwamba barua iliyomfungulia tajiri mlango wa klabu aliiandika yeye, kwa mkono wake, kwa kalamu ya bluu, na akaipiga muhuri akiwa anatabasamu.

Turudi nyuma kidogo, maana watu wa siku hizi wamegeuza kusahau kuwa kazi ya kudumu. Wachukuzi waliianzisha wapagazi wa stesheni mwaka 1984, watu wa kupandisha magunia ya mahindi na marobota ya tumbaku kwenye mabehewa. Pesa ya ada hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni kitanda na sufuria. Wachezaji wazuri walitoka mbali: Mwese huko milimani, na Mishamo, kwenye makazi ya Warundi waliokimbia vita na kufyeka msitu kwa shoka mpaka ukawa mashamba. Hakuna mtu wa kuitembea njia hiyo kila siku kuja mazoezini. Kwa hiyo kila aliyeipenda timu alimchukua mchezaji mmoja, akamlaza, akamlisha. Hiyo ndiyo ikawa ada yao, wakaiandika kwenye katiba, Ibara ya Nne: mwenye kura ni yule ambaye mchezaji asiye wa damu yake amelala kwake na kula kwake ndani ya siku thelathini kabla ya mkutano. Asiyelaza, hapigi kura.

Miaka arobaini mambo yakaenda hivyo. Mashuka walifua wanawake, ugali walisonga wanawake, na mikutanoni walikaa waume zao wakinyoosha mikono. Hilo nalo uliliona.

Msimu uliopita Wachukuzi wakapanda daraja, wakaingia ligi ya ngazi ya taifa. Hapo ndipo alipokuja Rahim. Rahim ni mtoto wa hapahapa, ana kituo cha mafuta, ana malori, ana gesti ya vyumba ishirini kando ya lami. Alileta basi. Alileta viatu vipya. Akasema wachezaji wa daraja hili hawalali kwenye vyumba vya uani kama vibarua, watakaa kambini gesti kwake, kitanda na neti, feni, mayai asubuhi. Nani angekataa? Mkutano ulishangilia mpaka vumbi likashuka darini. Zakia akaiandika barua ile: "Kuanzia leo wachezaji wote watakaa gesti. Wanachama hawatalaza tena wachezaji majumbani." Wanachama wakapiga makofi. Kina mama waliokuwa wakiamka alfajiri kuchemsha uji wa watu wazima wanane wakashusha pumzi, na ni haki yao.

Ibara ya Nne hakuna aliyeikumbuka. Wakili wa Rahim aliikumbuka.

Alhamisi barua ikafika kibandani kwa Zakia, akiwa anapinda suruali ya mteja. Mkutano mkuu, Jumapili, saa nane mchana, darasani pale shuleni. Ajenda moja: kuhamishia klabu Pwani na kubadili jina. Chini yake orodha ya wanachama wenye kura. Majina sita. Rahim na wafanyakazi wake watano wanaoishi hapohapo gesti, na la pili kwenye orodha ni la Ezekia, msimamizi wa gesti. Maana wachezaji wanalala wapi? Gesti. Wanakula wapi? Gesti. Mwingine yeyote hajalaza mtu. Na kama ushahidi kwamba wanachama wameacha kulaza, wakili alikuwa ameambatisha nakala ya barua, kalamu ya bluu, muhuri.

Zakia aliisoma mara mbili. Mteja akamuuliza kama suruali itakuwa tayari, akamjibu kwamba timu imeuzwa. Mteja akasema atapita kesho.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo orodha ile haikulijua. Wiki mbili nyuma, mchana wa jua kali, Dieudonne, mshambuliaji kutoka Mishamo, alibisha hodi uani kwa Zakia akiwa na begi lake.

"We Dieudonne, kambi imekuwaje?"

"Kambi imejaa wanunuzi wa tumbaku, Mama Hadia. Masoko yamefunguliwa. Ezekia kasema tujibane kidogo."

"Kujibana wapi?"

"Stoo. Penye jenereta. Wanne tumewaachia hiyo stoo, waliobaki kila mtu kajitafutia. Kasema bosi yuko Dar, asisumbuliwe, na atakayefungua mdomo anakatwa posho."

"Waliobaki wamekwenda wapi?"

"Sijui, Mama. Tumetawanyika kama kuku. Kila mtu anaogopa."

Alimpa chumba cha uani, kilekile alichokaa msimu uliopita. Akamwambia apite mlango wa nyuma akienda mazoezini, na jirani akiuliza ni mpwa wake kutoka Inyonga. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Yeye ndiye katibu aliyepiga marufuku wachezaji kulala majumbani. Na posho ile ndiyo Dieudonne anayomtumia mama yake, Lidia, aliyebaki Mishamo na shamba la maharage na mgongo usioinama tena. Kwa hiyo Zakia alikuwa na kura. Moja. Na kuitoa hadharani ni kumkatia mama wa watu chakula, halafu ashindwe sita kwa moja.

Ijumaa asubuhi akaenda kituoni kwa Rahim. Alikaribishwa vizuri, kiti chini ya feni, soda ya baridi.

"Dada Zakia, kaa. Mbona umekonda? Timu inakutesa?"

"Unaipeleka wapi timu yetu?"

"Panapoonekana. Kuna mtu huko ana uwanja wa nyasi, ana wadhamini, alichokosa ni nafasi kwenye ligi. Nafasi tunayo sisi."

"Na wachezaji?"

"Watakaomfaa atawachukua. Wawili, watatu."

"Na jina?"

Rahim akacheka, si kwa ubaya. "Jina! Dada yangu, jina halijazi dizeli. Nikuulize kitu. Mwaka juzi mlikwenda kucheza Sumbawanga. Mlipanda nini?"

Zakia akaitazama soda.

"Mlipanda juu ya lori la mahindi. Mkafika miguu imevimba, mkapigwa nne. Nilikuwepo mimi, nimesimama nyuma ya goli, na nililia. Nyie mnaniona mwizi, lakini nililia. Hiyo historia yenu siku ile ilikuwa wapi? Si ilikuwa nanyi juu ya magunia? Mbona haikuzuia hata goli moja?"

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa juu ya lori lile mwenyewe, amekumbatia begi la jezi, mvua inanyesha.

"Ungetusaidia bila kutuuza, Rahim."

"Nani kawauza? Kilichoachwa barabarani hakiuzwi, kinaokotwa. Soma barua yako. Mwandiko mzuri, wallahi, nimeupenda."

Akatoka pale masikio yanamuungua, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Ponsian, mwenyekiti, mmoja wa wapagazi wale wa stesheni ambao bado wanapumua. Alimkuta anamenya mihogo. Akamweleza yote, pamoja na siri ya Dieudonne. Mzee akaifuta mikono polepole.

"Mimi mwenyewe kura sina, mwanangu. Nimelaza wachezaji thelathini na mmoja maisha yangu. Mwaka huu gesti ilipokuja nikasema, ah, uzee huu, nikamwachia chumba mjukuu. Aibu yangu hiyo."

"Kura moja itafanya nini kwa sita?"

"Itafanya kelele tu."

"Basi nitapiga kelele," Zakia akasema. "Barua niliandika mimi. Siwezi kukaa kimya mara mbili."

Jumamosi Dieudonne aliporudi mazoezini alimkalisha jikoni, akamwambia: kesho nikisimama, posho yako imekwenda, na sina cha kukurudishia. Dieudonne alikuwa anakula. Akameza kwanza.

"Mama Hadia, timu ikienda Pwani, hiyo posho nitakatwa na nani? Si itakuwa imeshajikata yenyewe? Wewe sema tu. Mama nitamwambia mimi, atanitukana Kirundi, yatakwisha."

Jumapili kanisani walitoka, msikitini waliswali adhuhuri, na saa nane darasa likajaa. Wazee wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Rahim na watu wake mbele, wamepiga pasi. Wakili amevaa tai kwenye joto lile. Afisa michezo wa manispaa amekuja na faili lake kushuhudia. Wanawake walikuwa nje, madirishani, kama ilivyokuwa siku zote, kanga mabegani, wanachungulia.

Wakili akasoma Ibara ya Nne kwa sauti nzuri. Akasoma barua ya kalamu ya bluu. Watu wakageuka kumtazama Zakia, na kuna mmoja, jina lake linajulikana, akasonya. Mzee Ponsian akauliza kama kuna mwenye la kusema kabla wenye kura hawajaitwa.

Zakia akasimama. Akashika dawati.

"Barua ile ni yangu, na ilikuwa kosa. Nililiandika kosa kwa mwandiko mzuri. Lakini na mimi nina kura. Mchezaji Dieudonne analala kwangu na anakula kwangu, leo siku ya kumi na tano. Gesti alifukuzwa, chumba akapewa mnunuzi wa tumbaku. Nilimficha. Sasa sifichi tena, na kura yangu ni hapana."

Rahim akageuka kumtazama Ezekia. Ezekia akatazama viatu vyake.

Ndipo dirishani ikapasuka sauti ya Prisila, muuza dagaa, jirani wa Zakia ukuta kwa ukuta.

"Kumbe na wewe!"

Darasa zima likageuka.

"Kumbe na wewe, Mama Hadia! Mwenzio nimemficha golikipa wiki mbili, jitu lile refu, kwenye chumba cha kuku! Namwambia ukikohoa kohoa sauti ya kike, katibu anakaa hapo ukutani, akisikia tumekwisha! Na wewe unaniambia una mpwa kutoka Inyonga!"

Kicheko kilichotoka pale kilianza kama kikohozi. Kabla hakijaisha, Specioza wa mgahawani alikuwa ameshaingiza mkono kupitia dirisha la pili. "Kwangu wapo mabeki wawili. Nilidhani niko peke yangu, nikawa nanunua mchele duka la mbali ili watu wasiulize napikia nani."

Halafu mwingine. Halafu mwingine. Fundi baiskeli, mjane wa karani, mama wa Kipimbwe asiyejua hata kanuni za mpira, aliyempokea winga kwa sababu alimkuta amekaa juu ya begi lake stendi. Wachezaji kumi na nne walikuwa wametoka kwenye gesti ile mchana kweupe, na kila mmoja alirudi palepale alipolala msimu uliopita, au kwa yeyote aliyemhurumia. Na kila nyumba ilifunga mdomo ikidhani ni yenyewe tu inayovunja sheria. Nsemulwa nzima ilikuwa inafichana kitu kilekile. Nyumba kumi na tatu zilihesabiwa, kwa sababu Specioza alikuwa na wawili.

"Pingamizi!" Wakili akasimama. "Hawa kina mama hawamo hata kwenye kadi. Wenye kadi ni waume zao."

Mzee Ponsian akaivaa miwani, akachukua katiba. "Imeandikwa 'yule ambaye mchezaji amelala kwake'. Nilikuwepo ikiandikwa, wakili. Hatukuandika 'mume'. Tulilifanya miaka arobaini, ni kweli, lakini kuliandika hatukuliandika." Akawageukia wale wa dirishani. "Ingieni ndani, kina mama. Mmekaa nje vya kutosha."

Wakaingia. Baadhi ya waume ilibidi wasimame kuwapisha madawati.

Afisa michezo akamwita Ezekia mbele, akamuuliza kwa upole kama ni kweli. Ezekia, maskini, hakuwa mwongo. Alikuwa mfanyakazi hodari tu. Akamtazama Rahim kama mtu anayetegemea kusifiwa.

"Bosi, si uliniambia msimu wa tumbaku chumba kisilale bure? Wachezaji hawalipi. Wanunuzi wanalipa, tena kwa wiki. Nikasema nikikuambia utahangaika, nikuachie ukirudi ukute faida."

Rahim alifumba macho. Namna ya kumtapeli mtu timu yake alikuwa ameipanga vizuri kabisa, na ilihitajika kitu kimoja tu: vyumba vyake vivumilie mwezi mmoja bila kuingiza hela. Havikuvumilia.

Kura zikapigwa kwa mikono. Sita ndiyo. Kumi na tatu hapana. Afisa akaandika, akasaini, akafunga faili.

Zakia alitoka nje akakaa kwenye msingi wa darasa lisilokamilika. Siku tatu alikuwa hajala chakula kikashuka vizuri. Sasa kifua kilikuwa kimefunguka, hewa inaingia mpaka chini, na alijikuta anacheka peke yake kama mgonjwa. Prisila akaja akakaa karibu naye.

"Chumba cha kuku, Prisila?"

"Ningemweka wapi? Na kuku wamegoma kutaga."

Wakacheka mpaka Prisila akajifuta machozi kwa kanga. Dieudonne alikuwa ameshapiga simu Mishamo. Akaja akasema mama yake amemtukana kama alivyotarajia, kisha akauliza Jumamosi wanacheza na nani.

Rahim akapita akielekea kwenye gari lake. Akasimama.

"Basi nalichukua, dada Zakia."

"Lichukue."

"Jumamosi mtakwenda na nini?"

"Sijui," Zakia akasema, na ilikuwa mara ya kwanza wiki ile ambapo kutojua kitu hakukumuumiza. "Lakini tutakaokwenda ni sisi."

Walikwenda na fuso la muuza mbao, wamelitandika magodoro ya majumbani. Walitoka sare ya goli moja kwa moja. Waliporudi mama mmoja alikuwa amesimama njia panda na ndoo ya uji, na kila mchezaji alijua anashukia nyumba gani.

Sasa wewe usije ukakimbilia kijiweni kutangaza kwamba historia imeishinda pesa. Haikushinda. Historia ilikuwa imelala fofofo, imeshiba mayai ya gesti. Kilichoiokoa Wachukuzi ni wanawake ambao haikuwa ikiwahesabu, na msimamizi mmoja aliyependa faida kuliko bosi wake. Mwaka kesho atakuja tajiri mwenye msimamizi mjanja zaidi. Atakuwa na uvumilivu, na vyumba vyake vitakaa vitupu mwezi mzima bila kulalamika. Na barabara ya Sumbawanga bado ni ndefu, na dizeli bado inahitajika, na Rahim kwa hilo alisema kweli.

Timu ya mtaa wako ina katiba. Hujawahi kuisoma. Hujui hata iko kwa nani. Inuka. Usingoje ligi ianze, usingoje mwenye basi afike. Nenda leo kwa mwenyekiti wenu, mwambie aitoe, muisome kwa sauti mbele ya watu, neno kwa neno. Ulizeni nani ana kura na kwa nini. Waandikeni wanaofanya kazi, na waanze wale waliosimama dirishani. Tajiri akitaka kuchangia, achangie kwa maandishi, mbele ya mkutano, bila kupewa kiti cha wenye nyumba. Umekaa vya kutosha. Weka kikombe chini, nenda sasa hivi.